Barua ya Krismasi kwa Watoto wa Budapesti

Wino wa shuleni ulikuwa na harufu ya chuma kilichoshika kutu, na kwa kuwa madirisha ya darasa letu yalielekea ziwani, harufu hiyo ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa juu ya mawe ya mtaa wetu wa Igogo. Watu wa umri wangu hupenda kusimulia utoto wao kwa kutabasamu. Mimi nikikumbuka harufu ile huanza kukasirika, na nimekaribia miaka themanini bila hasira hiyo kupungua. Ilikuwa kama miaka mitano kabla ya Uhuru, nikiwa darasa la nne katika shule ya misheni, msimu ambao mvua za vuli zilinyesha vizuri na watu wazima walizungumza kwa sauti za chini.

Mwalimu wetu alikuwa Sista Ilona, mzaliwa wa Budapesti. Mwezi wa Novemba alisikia redioni kwamba vifaru vya kigeni vimeingia katika mji wake, na vijana waliotoka barabarani kudai uhuru wao wanauawa. Aliingia darasani macho yamevimba, akaiacha hesabu, akaanza kutusimulia mji. Alisema mto mkubwa unaugawa sehemu mbili na madaraja yanaziunganisha. Alisema mwanzoni mwa Desemba watoto huweka viatu dirishani vijazwe peremende, nasi tukaangaliana miguu, maana darasa zima lilikuwa na jozi mbili tu za viatu. Alisema pia kwamba mkesha wa Krismasi nyumbani kwao walikula mchuzi wa samaki, na hapo ndipo tulipomhurumia kwelikweli. Samaki, sikukuu! Sisi tuliokula samaki Jumatatu hadi Jumapili tulijua kuwa Krismasi ni wali na nyama, na kwamba mtu anayepewa sato siku hiyo amekosewa.

Mwezi huohuo baba yangu alikamatwa. Alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimekatazwa kufungua matawi katika jimbo letu la Ziwa, lakini baba aliwakaribisha wenzake karakanani, wakakaa juu ya mbao wakizungumza. Askari walikuta kadi za chama ndani ya sanduku la misumari. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kukusanya watu bila kibali. Misheni nzima ilijua, kwa sababu madawati tuliyokalia aliyatengeneza yeye. Hakuna aliyekanyaga kwetu kutupa pole, si padri wala masista.

Mama yangu ndiye aliyekwenda. Alibeba kapu la viazi vitamu, akanishika mkono, akapiga hodi kwenye nyumba ya masista. "Tumsifu Yesu Kristu," alisema. Sista Ilona akaitikia, "Milele, amina." Mama akasema, "Sista, pole sana kwa matatizo ya kwenu." Sista alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, na kitabu chake kilimwambia kwamba pole ni neno la kuomba msamaha. "Unaomba msamaha wa nini, mama?" aliuliza. "Si ninyi mliotutendea."  Mama alimweleza taratibu kwamba anayetoa pole si lazima awe amekosa, amekuja tu kuuona uchungu wako, nawe unaitikia, asante, nimeshapoa. Sista alilia, akamkumbatia, akalirudia neno lile mara nyingi. Mama alisubiri. Sasa mwenzake alilijua neno na maana yake, na baba yu gerezani. Tulirudi nyumbani na kapu tupu, neno lenyewe hatukurudishiwa.

Kesho yake Sista alitutangazia kwamba tutawaandikia barua za Krismasi watoto wa mji wake, naye atazitafsiri. Kila barua ianze na "Poleni". Itakayoshinda itasomwa kanisani siku ya Krismasi na mwandishi mwenyewe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami niliitaka nafasi ile kuliko nguo mpya. Niliandika: "Poleni sana kwa vita. Tunawatakia Krismasi njema na amani. Na sisi mtupe pole, maana baba yetu, Petro seremala, amefungwa na serikali."

Sista aliikata sentensi ya mwisho kwa wino mwekundu. "Kabula, hii ni siasa," alisema. "Baba yako alivunja sheria." Nilimwambia mama, naye hakumaliza hata kufunga kilemba. Tulimkuta Sista barazani kwao, mama akamwuliza kwa adabu kamili, "Sista, hao vijana wa kwenu walipotoka barabarani, walikuwa na kibali?"

Sista aligeuka mwekundu hadi masikioni. "Huko ni tofauti, mama."

"Tofauti gani?"

 Kisha mama akanigeukia, akaniambia mbele ya Sista, "Andika hivyohivyo. Wakikataa kuituma, wakatae wao."

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa, wengine wamesimama nje wakichungulia madirishani. Barua yangu ndiyo iliyoshinda. Mama alikaa benchi la tatu, amevaa kitenge chake cha harusi, ananitazama bila kupepesa, akilisubiri jina la baba. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya juu, hadi kwenye amani. Nikaishia hapo. Nilikuwa nimeinakili upya jioni moja bila ile sentensi ya mwisho, peke yangu, kwa sababu niliitaka nafasi. Watu walifurahi, Sista akanibusu, na mama akainama akawa anatafuta kitu ndani ya kapu lake ambamo hamkuwa na kitu.

Baba alitoka baada ya Pasaka, na Uhuru aliuona. Mama alimsimulia habari ya kibali, na baba akacheka hadi akakohoa. Sehemu yangu hakumsimulia, wala mimi sikuwahi. Leo mji wa Sista una amani, na Igogo imejengwa hadi juu ya mawe. Wajukuu zangu wanaandika insha kuhusu wakoloni na kupata alama nzuri, na kila mara mkosaji ni mtu mwingine, mgeni, aliyekwisha kuondoka. Nami nawasahihishia tahajia, nanyamaza. Sista nimemkasirikia miaka yote hii, na ana haki yake ya kukasirikiwa. Lakini yeye alikata sentensi moja tu ya mtoto. Aliyemwondoa Petro seremala kwenye barua ile ni binti yake, kwa mwandiko mzuri.