Joto la Maji ya Mwalimu Zuhura

Usiku ule nililala nimenuna. Grafu yangu ilikuwa imenikatalia tena, na tasnifu ilitakiwa ofisini Jumatatu. Nikichelewa, nasubiri mwaka mzima. Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nyumbani, ni ndogo. Kuna sukari inayotokana na wanga, imejikunja ikawa kama kikombe kisicho na kitako, inaitwa saiklodekstrini. Kuna na chembe ya sabuni, yenye mkia usiopenda maji. Mkia ukikuta kikombe, huingia. Ukiingia, joto kidogo hutoka, na mashine hulipima. Basi. Hesabu zangu zilidai kila kikombe kimeingiwa na mkia mmoja na nusu. Hata mimi sikuziamini.

Sijui nilivukaje. Nilijikuta maabara, mchana, mabeseni yamejaa mezani, na Mwalimu Zuhura ameinama anaosha vyombo. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na ndiye tuliyemzika Korogwe mwaka juzi. Niliyajua yote mawili, wala hayakunishangaza.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ananipa kikombe nikisuuze. Hakina kitako; maji yanapita tu, na kila yakipita yanazidi kupata moto. Natafuta jiko, silioni. Nikigeuka, si maabara tena, ni uani kwao, siku ya arobaini yake, wanawake wanasugua masufuria, na hakuna anayemwona ila mimi. Naona aibu, sijui ya nini. Au najua. Sabuni ikitiwa kwenye maji matupu nayo hutoa joto lake, na joto hilo lazima upime, ulitoe kwenye hesabu. Kila mtu hupima la kwake. Mimi nilichukua la marehemu kutoka daftari lake, kwa sababu nilitaka jina lake liwemo kwenye kazi yangu.

"Mwalimu, namba zako nimeziweka zote."

Anafuta mikono kwenye koti lake jeupe. Nasubiri anisifu, mtu mzima mimi.

"Sabuni yangu iliisha," anasema.

Simwelewi. Namuuliza iliisha lini, kana kwamba hilo ndilo la kuuliza. Ua umekuwa korido ya chuo, naye yuko mbele, anatembea haraka kuliko alivyowahi kutembea akiwa hai. Nakimbia. Napaza sauti kwamba nimemkumbuka, kwamba Jumatatu nitachekwa. Maneno yanatoka yamechanganyika. Anasimama mlangoni.

"Pima yako, mwanangu. Mimi niache nipumzike."

Nikaamka kumekucha, sijui nilie au nivae. Nilikaa kitandani muda mrefu ndipo nikaelewa. Chupa yake ya sabuni ilikwisha kabla hajafa. Ninayotumia ni nyingine, na joto lake majini si lile la kwanza. Nilikuwa natoa kwenye hesabu joto la sabuni isiyokuwepo.

Nikampigia msimamizi wangu, nikamwambia Jumatatu sitaleta kitu.

"Unaumwa?"

"Hapana, Daktari. Kuna kipimo sikukifanya."

Kisha nikafungua kompyuta, nikafuta namba za Mwalimu moja moja, na jina lake likatoka chini ya jedwali pamoja nazo. Hapo ndipo nilipolia, zaidi kuliko nilivyolia siku ya mazishi.