Kuku wa Mvua

Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, kubwa kama sanduku la nguo, na betri zake zikianza kuchoka alikuwanga ananituma nizipange juu ya bati zipigwe na jua. Kufika saa sita zimeshika moto, nazishusha kwa shati, baba anazirudisha ndani, redio inaongea tena kidogo. Hicho kidogo kilikuwa cha matangazo ya vifo. Baba hakutaka kingine. Anasikiliza majina mpaka la mwisho, akiona watu wake hawamo, anazima. Kilichokuwa kinafuata baada ya vifo mimi sikukijua mpaka nikaoa.

Siku moja mvua ilizikuta betri juu ya bati. Nilikuwa nimetoroka kufuata fahali aliyekuwa anapelekwa Malinya kupigana na fahali mwenzake, watu wanaimba mbele yake na nyuma yake, na niliporudi nikachapwa, nikalala njaa. Hiyo hadithi nimewasimulia wengi, na wote wanacheka pale pa kuchapwa. Mmoja tu ndiye aliyeniuliza kitu kingine. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi. Alikuwa bado anavaa kaptura ya shule.

"Guga," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu kwetu, "hiyo mvua ilianza saa ngapi? Na upepo ulitoka upande gani?"

Nikamwambia nilikuwa nachapwa, upepo sikuuangalia.

Akakua hivyo hivyo. Alikata chupa ya soda ya plastiki, akageuza ile shingo ikaingia ndani, akabandika rula ubavuni, akaifunga kwenye nguzo mbali na migomba. Kila siku saa tatu asubuhi anasoma maji yamefika wapi, anaandika kwa daftari, anamwaga. Hata siku kavu anaandika, kwamba hakuna. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha kwa sababu ya ng'ombe, na wakati mwingine nafikiri wale ng'ombe walikuwa na akili kuliko mwalimu wetu, lakini hiyo ni habari nyingine. Chupa bado iko. Saa tatu ikifika najikuta nimesimama pale, na miwani sina.

Alisomea hayo mambo ya hewa mpaka chuo, akarudi nyumbani akitaka kazi moja tu duniani: kuwaambia watu hali ya hewa redioni, kwa lugha yetu. Alikuwanga anaingiza kichwa kwenye tangi tupu la maji na kujisomea utabiri, asikie sauti yake inavyotoka. Mke wangu alikuwa bado hai, anamwambia, "Toka humo, mtu wangu, utazaa huko ndani!" Jioni anakaa na mimi kuniuliza maneno. Ile mvua inayokuja na jua mnaiitaje, ile inayopiga mara moja na kukimbia, ile ya kukaa siku nzima kama mgeni asiyeaga. Nikampa yote. Nilikuwa sijui nina maneno mengi hivyo.

Basi kituo kimoja cha redio pale mjini kikamwambia, njoo usome asubuhi, mwezi mmoja, baada ya matangazo ya vifo. Wasikilizaji wakikukubali, kazi ni yako. Nikamsikia siku ya kwanza akitumia maneno yangu, nikamwaga chai.

Wiki ya tatu jirani yangu, tunasali naye kanisa moja, akafiwa na mama yake. Mazishi Jumamosi. Jumatano akaja na kuku kwapani, jike jekundu, mzito.

"Mzee mwenzangu, zungumza na kijana wako. Jumamosi tu. Mvua aipeleke hata Lurambi, huko wana lami."

"Yeye anaisoma tu. Haiendeshi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, si kwake."

Ningemrudisha. Lakini nilikuwa sijala kuku tangu Krismasi, na wacha niseme ukweli, nilipenda kuonekana mtu ambaye nyumba yake inaendesha mvua. Tukampika, tukala na ugali. Firigisi nikala mimi kama kawaida. Mjukuu wangu alikula paja, akauliza leo kuna nini. Nikamwambia tumetembelewa.

Jumamosi asubuhi akasoma. Upande wetu, mvua kubwa na ngurumo kuanzia saa nane, na mwenye mazishi azike mapema. Mimi nilijua anamwambia jirani, kwa upendo. Lakini jirani alikuwa na imani na kuku wake kuliko redio. Hotuba zikapewa nafasi, shemeji wote wakasalimia, kwaya mbili zikaimba. Saa nane na robo mbingu ikapasuka. Hema likalala juu ya watu, mhubiri akateleza mpaka ukingoni mwa kaburi, jeneza likashushwa ndani ya maji mekundu.

Jumatatu watu wakapiga simu kituoni. Huyo kijana wenu anakula kuku wa watu halafu mvua anatuletea vilevile. Mkubwa wake akamwambia: kama si wewe, aliyepokea kuku aje aseme hewani mwenyewe, kabla ya Ijumaa saa nne. Asipokuja, usirudi.

Akaja kwangu. Hakupiga kelele. "Guga, ulimpokea?"

"Nilimpokea."

"Na nilikula."

"Ulikula."

"Basi twende ukaseme. Dakika mbili tu."

Mimi ni mzee wa kanisa. Redio hiyo inasikika mpaka Khayega. Nikamwambia mguu unaniuma.

"Mguu huu huu uliokupeleka juzi kwa mafahali?"

"Huko ndiko ulikoumia."

"Basi kesho."

"Kesho tuone."

Tukaenda hivyo, kesho na kesho. Ijumaa akavaa lile shati lake jeupe, akakaa kwenye stuli mlangoni kwangu, akangoja. Mimi ndani, nimejifunika, nakohoa kikohozi ambacho sikuwa nacho. Nilimsikia anavyopumua.

Saa tatu akainuka. Nikachungulia dirishani. Akaenda kwenye chupa, akainama, akasoma, akaandika. Akamwaga maji, akairudisha chupa na kuinyoosha isimame wima. Daftari akaliweka juu ya stuli. Kisha akapita kati ya migomba akashika njia ya barabarani, mikono mitupu, mwendo wa mtu anayeenda dukani. Nilingoja aangalie juu mawinguni kama kawaida yake. Hakuangalia. Hakurudi mpaka leo.