Mizunguko Mitatu ya Dada Kiberiti

Majirani wanamwita dada yangu Kiberiti, na wala hawamwonei. Mwaka wa kumi na moja huu tunashona chumba kimoja, cherehani zetu zinatazamana, na mteja akilalamika, anayeungua ni mimi. Mbele ya mteja dada anatabasamu na pini zake mdomoni. Mteja akitoka tu, dada ananuna siku tatu. Ukimuuliza ana nini, "Sina kitu." Huna kitu gani, na pedali unaikanyaga kama imekutukania mama!

Mwezi huu nikachoka. Nikamwambia, "Dada, nakupenda, lakini mwisho wa mwezi nabeba cherehani yangu. Bora hata ungenitukana, nikajua moja."

Kesho yake akaanza vituko. Uzi ukikatika, anatamka kwa sauti, "Hili limeniudhi," anavuta pumzi, anatunga upya. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Kwa yule muuguzi anayenipima presha. Kasema hasira uitaje, uitembeze, halafu urudi uzungumze."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mazoea yana taabu. Nikajua Ijumaa haifiki kabla hajaviacha vituko hivyo.

Alhamisi akaja mwalimu mkuu kuchukua suti. Mikono ya koti ikamwishia vidole viwili kabla ya kifundo cha mkono. "Fundi, hili koti langu au la mwanangu?"

Dada akatoa pini mdomoni, moja moja. "Mwalimu, maneno hayo yamenichoma. Lakini kweli, mikono ni mifupi. Pindo lina akiba, rudi saa kumi."

Mwalimu alipotoka, dada akachukua tepu yangu, ambayo ndiyo aliyopimia kitambaa cha mikono siku ya kukata, akailaza kando ya yake. Yangu ilianzia kwenye sentimita ya tano. Jamani! Ncha ilichakaa, nikaikata mwenyewe. Mimi nikipima huwa najumlisha kichwani, ila kumwambia yeye nilisahau.

"Ni mimi," nikasema.

"Nimekasirika," akasema. "Safari hii ni na wewe, siyo na uzi."

Akatoka kuzunguka jengo. Akarudi, akanitazama, akasema, "Bado," akatoka tena. Mzunguko wa tatu aliingia jasho linamtiririka, anahema, na sote wawili tukaangua kicheko.

Tukakaa kufumua, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Akanieleza bila kupayuka jinsi nilivyomwaibisha, nikamwomba radhi. Kisha, macho yake yako kwenye mshono, akasema, "Kuna kingine kinaniuma. Nikitaje?"

"Kitaje, dada."

"Ukihama, nitakulilia."

Miaka yote hiyo, hajawahi kuniambia neno kama hilo. Nikamwambia siendi popote, na machozi hayo yananitoka.

"Wewe, kalie huko!" akafoka. "Utalitia madoa koti la watu!"