Mgongo Wangu Kwenye Mkeka wa Swala

Naisema mwenyewe kabla majirani hawajaitia chumvi. Nimezeekea kwenye matuta ya kabichi hapa Shume, na zoezi la mgongo alilonifundisha nesi siliachi, hata msibani.

Juzi kwenye hitima ya jirani mgongo ulinikamata. Wenzangu walikuwa wameshaswali adhuhuri, chumba kitupu. Nikapiga magoti mkekani, paji la uso chini, nikajinyoosha. Nyuma yangu nikasikia takbira za kunong'ona. Nikadhani waliochelewa wanaswali zao, nikageuka chali na kuinua miguu juu.

Kumbe akina mama wawili wamejipanga nyuma yangu, wamenifanya imamu!

“Shikamoo bibi,” mmoja akasema. “Hii ni rakaa ya ngapi?”

Miguu sikuishusha.

“Marahaba. Ni ya mgongo. Na wewe lala chali.”