Nyuma ya Duka la MaNgubane

Jumamosi ile nilikuwa nashona pindo za magauni ya kwaya. Tuliishi Jeppestown, mtaa wa Johannesburg, juu ya jengo lililokuwa zamani karakana ya viatu, kabla wenyewe hawajaligawa kwa mbao likawa vyumba vya kupanga. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara, lenye nondo nzito za kuzuia wezi. Papa Riziki, mume wangu, alikuwa amelala. Alikuwa mlinzi wa duka la jumla kule katikati ya mji, zamu ya usiku, kwa hiyo redio niliipunguza sauti.

Chini yetu kulikuwa na spaza ya MaNgubane, duka dogo la mkate, mchele na vocha za simu. Alikuwa mjane wa Kizulu, amenizidi umri kwa mbali. Tulielewana kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha sokoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuishi ugenini: nisiongee Kiswahili kwenye teksi, yale mabasi madogo ya abiria, nisiseme natoka Kongo kama hakuna aliyeuliza, nisalimie kwanza ndipo niulize bei. Riziki, binti yetu wa miaka kumi, alizaliwa hapa na alishinda dukani kwake. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kizulu. Nilimgombeza kwa hilo karibu kila siku.

Mchana ule Riziki alipanda ngazi mbio.

"Mama, wanaume wamejaa kule hosteli ya vibarua. Wanasema leo wageni wote watoke."

Nilimwamsha baba yake. Alichungulia dirishani, nyimbo za wanaume zikikaribia, akavaa viatu. Sisi ni watu wa Uvira, mashariki ya Kongo. Tulishawahi kusikia watu wanaokuja wakiimba. Lakini kule ukisikia risasi unashika njia ya milimani, au unatafuta mtumbwi. Hapa mlango wa jengo ulikuwa mmoja, unafungukia barabarani, na barabara ilikuwa imeshajaa watu wenye marungu. Zile nondo tulizomsumbua mwenye nyumba atuwekee, sasa tulikuwa tumezishika kwa ndani.

MaNgubane alikuja kwa ngazi ya ndani, akihema.

"Acha hiyo cherehani," aliniambia. "Njooni stoo."

Stoo yake ilikuwa nyuma ya duka, haina dirisha, imejaa magunia ya unga. Tuliingia sisi wawili. Riziki alipotaka kufuata, MaNgubane alimshika bega.

"Huyu atabaki na mimi kaunta."

"Hapana," nilisema.

"Mama Riziki, nisikilize. Anaongea kama mjukuu wangu. Wakichoma huku nyuma, angalau yeye yuko nje."

Nilimtazama mume wangu. Aliinamisha kichwa. Nikauachia mkono wa mtoto.

Kufuli ikafungwa upande wa nje.

Giza lilikuwa zito, na unga ulitukaba koo. Tulisikia vioo vikivunjika, kisha harufu ya matairi yanayoungua ikaanza kupenya chini ya mlango. Sikulia. Nilikuwa nasikiliza sauti moja tu, ya Riziki, akimuuliza MaNgubane aweke wapi mikate.

Halafu wakaingia dukani.

Aliyesalimia nilimjua kwa sauti. Alikuwa Mandla, mtoto wa marehemu mdogo wake MaNgubane. Alisalimia kwa adabu, kama siku zote.

"Mama mkubwa, wale wa juu wako wapi?"

"Wameondoka asubuhi."

"Na huyu?"

"Mjukuu wangu."

Mandla alimfahamu Riziki vizuri. Mimi ndiye niliyempunguzia suruali yake ya kazi, na Riziki ndiye aliyempelekea.

Mandla hakusema alichokijua.

Sauti nyingine, nzito, ikauliza: "We mtoto, unaitwa nani?"

"Nomvula."

"Baba yako yuko wapi?"

"Baba alikufa."

Aliyasema hayo kwa Kizulu safi. Baba yake alikuwa ameketi kando yangu, mgongo wake umegusa ubao wa mlango.

"Twendeni," Mandla alisema. "Hapa ni kwetu."

Walipanda juu. Tulisikia cherehani ikiburutwa sakafuni, kisha mlio wake ilipotupwa chini ya ngazi.

Tulikaa mle stoo hadi asubuhi. MaNgubane alituletea maji na ndoo, hakukaa kuzungumza. Polisi walipokuja kuchukua wageni kuwapeleka kambini, alifungua kufuli nasi tukatoka tukiwa weupe kwa unga, mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyetutukana. Watu walitutazama kidogo tu, halafu wakamgeukia yeye, na yeye wakamtazama kwa muda mrefu.

Tulikuwa bado kwenye mahema tuliposikia kwamba spaza imechomwa. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, si watu wa hosteli. MaNgubane alirudi kijijini alikozaliwa, KwaZulu.

Siku hizi tunaishi Observatory, mtaa mwingine wa Johannesburg, na Riziki anasomea uuguzi. Ni yeye aliyeipata namba ya simu ya MaNgubane na kupanga safari. Tulimkuta MaNgubane katika kiwanja cha kaka yake, kwenye chumba kimoja cha pembeni, amekonda. Alimkumbatia Riziki kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono.

Nilimuuliza habari za Mandla. Alisema wenzake walimpiga kwa sababu ya uongo ule, akapoteza jicho moja, na tangu siku hiyo Mandla haji tena kumjulia hali.

"Tulikuletea shida, mama," nilisema.

"Ndiyo," alijibu. "Mliniletea."

Alimimina chai. Baadaye akaendelea, akiwa hanitazami.

"Wanakuja watu wa kanisa wananisifu. Wananiuliza kama ningefanya tena. Siku ile sikufikiri. Ningepata nafasi ya kufikiri, labda ningefunga duka nikalala. Nilikaa Jeppe tangu nikiwa msichana. Hapa wananiita yule wa Jozi, wa Johannesburg. Wasichana wa rika langu wote wamekufa. Nikipita njiani, watoto wanaulizana mimi ni nani."

Niliyajua maneno yale. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, dukani kwake, katika Kizulu kibovu, wakati Riziki akiwa bado tumboni.

Watu wetu wakikutana kanisani na kuzungumzia ghasia zile, huwataja waliokufa na waliochomewa mali. Jengo letu hawalitaji, kwa kuwa tulitoka wote wazima.

Tuliondoka mapema ili tuwahi teksi ya kurudi. Taa za Johannesburg zilipoanza kuonekana, Papa Riziki alinigeukia.

"Sisi tumepata kwetu," alisema. "Yeye tumemwacha ugenini."