Mrehani wa Kikuba cha Dada

Masika ilipoanza, huko kwetu Kisarawe, dada yangu akawekwa ndani kusubiri harusi. Bwana harusi alikuwa mtu wa Kibaha. Siku hiyohiyo bibi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapamba maharusi wote wa pale kwetu, akanigeukia.

"Mke mwenzangu, mrehani wa kikuba utautoa wewe. Mrehani wa kununua mimi siushoni."

Nilifurahi hata chakula hakikushuka. Kikuba ni kile kishada cha mrehani na asumini anachobandikwa bibi harusi kifuani, na akipita watu wageuke kwa harufu. Shule nilikuwa nimeachia darasa la nne, kwa hiyo nafasi ya kuota ndoto ilikuwa tele. Nilishamwona dada anatoka mlangoni, na mimi nyuma yake, na watu wanaulizana mrehani ule umetoka bustani gani.

Nikapanda vijiti vya mrehani nyuma ya jiko, mistari miwili. Vikashika vyote. Hapo ndipo nikazidisha ujanja. Nyumba yenye harusi haikosi nazi, na machicha yalikuwa yanamwagwa kila siku. Nikajiambia, kuku wananenepa kwa machicha, mrehani utakataaje? Nikayalundika kwenye mashina yote.

Asubuhi ya pili nilitoka na usingizi machoni, nikasimama palepale. Konokono walikuwa wamejaa, wengine wakubwa kama ngumi yangu. Machicha walikuwa wameyamaliza, sasa wako kwenye majani. Mashina matatu yalibaki vijiti kama nilivyoyapanda.

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Umewapikia wageni wako wali wa nazi, wakataka na mboga."

Mama hakucheka. Alinipa chumvi kwenye kifuu. "Wanyunyizie. Kesho hutamwona hata mmoja."

Nilimnyunyizia mmoja tu. Alitoa povu, akajikunja, akalia kwa sauti ndogo kama maji yanayokauka chunguni. Nikamkimbiza kwenye mtungi nikamwosha.

Mama akachukua kifuu chake. "Haya, mkogeshe. Na dada yako avae nini?"

Dada alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. "Mdogo wangu, mashangazi wa Kibaha wanakuja kunikagua. Wakinikuta na kikuba cha vijiti, watasema wameoa nyumba ya wavivu." Alisema kwa utani, lakini sauti ilimkatika mwishoni. Alikuwa hajaliona jua siku nyingi, na kila asubuhi neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umefika wapi?"

Basi nikaondoa machicha, nikazungusha majivu. Mvua ya mchana ikayafanya uji. Panzi nao wakaona wasipitwe, nikawa nawafukuza kwa kanga jua la utosi, na mama ananiuliza kama ngoma imeshaanza.

Wazo lilinijia nikiwa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Konokono wale hawakuja kwa ajili ya mrehani. Walikuja kwa machicha. Kumbe ningewaandalia karamu yao mahali pengine! Jioni ile nikaweka machicha migombani, nikayafunika kwa makumbi ili kuku wasiyachakure. Kulipopambazuka nikafunua. Walikuwa wamebanana humo kama watu kwenye mkeka mmoja. Nikawaokota wote kwenye debe, nikawavusha kijito na kuwaacha bondeni kwenye majani mabichi.

Nikawa nafanya hivyo kila siku. Nilikuwa nawatia na doa la chokaa mgongoni nijue kama wanarudi. Siku ya nne mmoja mwenye doa nikamkuta migombani, anakula.

"Huyo ameshakuwa mkwe," bibi akasema. "Mpe na kigoda."

Nikampeleka mbali zaidi, kupita mikorosho. Sikumwona tena. Na mrehani, jamani, ulichipua! Nilikuwa nikikimbilia dirishani kabla hata ya kunawa uso. "Dada, leo lile shina la mwisho nalo lina majani." Naye huko ndani anapiga makofi polepole, asisikiwe.

Siku ya harusi mashangazi wa Kibaha waliingia na furushi la jani la mgomba.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na mrehani wetu. Tulisikia wa kwenu umeliwa."

Bibi akalifungua furushi. Majani yao yalikuwa na matundu kama chekeche. Akanigeukia, akanipa kisu.

Nilikata mistari yote miwili, nisibakize hata tawi. Bibi akageuza kila jani mbele ya wale mashangazi, juu na chini, halafu akaanza kushona. Shangazi mkubwa alinusa, akalisukuma furushi lake pembeni kwa mguu. "Huu mzima," akasema. "Nitakuomba mbegu."

Kikuba kilipokuwa tayari, dada alikataa kubandikwa na bibi. Akaniita mimi. Nilipomaliza kukifunga pini alinikumbatia kwa ubavu, amejipinda, majani yasipondeke, na harufu ikatuzunguka sote wawili.