Mchapa Mabango wa Gangpo

Hapa Gangpo mtoto wa mtu akifaulu mtihani wa uhakimu, mji mzima hujua kabla mama yake hajamaliza kulia kwa furaha, maana bango linakuwa limeshaning'inia darajani. Mtu akipanda cheo, bango. Mzee akitimiza miaka themanini, bango. Wakazi wakikataa jalala jipya, bango tena, safari hii jekundu. Yote hayo, ya heri na ya shari, hutoka kwenye duka moja nyuma ya kituo cha mabasi, mikononi mwa Pyo Chang-gil, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye hajawahi kuitilia shaka nafsi yake.

Alianza kazi akiandika kwa brashi, herufi moja baada ya nyingine. Siku hizi ana mashine inayochapa picha na maandishi kwa pamoja, lakini kutundika hajamwachia mtu. Na kabla ya kutundika hulitandaza bango sakafuni, akachukua mkasi na kulitoboa matundu ya umbo la nusu mwezi, hapa na pale kati ya herufi. Wateja wakali humjia juu.

"Bwana Pyo, unamtoboa mwanangu jina!"

"Naupa upepo njia, mama. Nisipoupa utaondoka na bango lako, jina la mwanao likasomwe na watu wa Haseong."

Hapo mteja hulipa. Haseong ni mji ulio chini yetu kwenye Mto Baekcheon, nusu saa kwa basi, na hakuna mtu wa Gangpo anayetaka kusikia habari zake. Wao wanasema tunawateremshia uchafu. Sisi tunasema wauchunguze kwanza uchafu wa midomo yao.

Mji wetu umekuwa ukiiomba serikali kitu hiki na kile tangu zamani. Tuliomba kituo cha treni ya kasi, kikapelekwa kwingine. Tukaomba chuo cha michezo, tukaomba hospitali kuu, tukakosa vyote. Kila mara Chang-gil alichapa mabango ya kuomba, na kila mara alipanda ngazi kwenda kuyashusha. Tak Mal-ja, mwenye mgahawa wa supu ya kambare pale ukingoni, aliyekulia naye mtaa mmoja na kumzidi umri, hakuacha kumchokoza.

"Mdogo wangu, mkono wako una mkosi. Ukinipenda, usinichapie kitu."

"Mkosi uko kwenye supu yako, dada. Kamati zote zilikula kwako kabla ya kutunyima."

Kisha serikali ikatangaza kwamba itajenga kituo cha utafiti wa ubora wa maji katika bonde la Baekcheon. Miji mingi ikaomba, ikachujwa, ikabaki miwili: sisi na Haseong. Ungemwona Chang-gil siku hiyo ungedhani kituo kinajengwa uani kwake, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa na binti mmoja tu, Boram, aliyesomea maji. Boram alikaa mji mkuu, katika chumba ambacho akinyoosha miguu anagusa mlango, akifanya kazi ya mkataba uliotiwa saini upya kila mwaka. Sikukuu ya mavuno iliyopita, akiwa nyumbani anamenya matunda ya persimoni, alisema, "Kituo kama hicho kikija huku, Baba, mimi ningerudi." Aliyasema hivihivi, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Baba yake aliyachukua kuwa ni ahadi.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikuzungumzwa. Chang-gil alikuwa amewachapia bango la pongezi watoto wa watu wote, ila wake. Kazi ya mkataba haitundikiwi bango, watu wangecheka. Mkewe, Ma Sun-ok, hakulalamika hata siku moja. Lakini alipokuwa akipita darajani alitazama chini, hakuinua macho kusoma.

Basi Chang-gil akachapa kama mwenye wazimu. Bwana Do, mkuu wa idara ya mipango pale manispaa, aliagiza mabango machache tu. Chang-gil akaongeza mengine kwa mapenzi yake, akayafunga kati ya miti ya micheri kandokando ya mto mpaka maua yakafichika. Lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa na picha ya mto wenyewe, buluu tupu, na maneno: MAJI SAFI, FAHARI YA GANGPO.

Boram akapiga simu. "Baba, Mama ananiambia umefunika ukingo wote. Hao watu wanakuja kupima maji, hawaji kusoma vitambaa."

"Watasoma huku wanapima."

"Umeyatoboa lakini?"

Chang-gil akakohoa. "Wewe shughulika na chupa zako, mwanangu."

Hakuwa ameyatoboa. Alilitandaza lile kubwa sakafuni, akachukua mkasi, akaitazama ile picha jinsi ilivyotoka vizuri, na mkono ukakataa. Akaona aibu kutoboa moja na kuacha jingine, akayaacha yote.

"Siwezi kuutoboa mto uso mbele ya wageni," alimwambia mkewe.

Sun-ok, ambaye ndiye aliyemshikia kamba miaka yote ya ndoa yao, alisema, "Baba Boram, upepo wa mwezi wa nne unaujua."

"Nao unanijua."

Upepo ukaja asubuhi ileile ya ukaguzi, ukiteremka kutoka milimani. Jopo la serikali la kuchagua mji lilikuwa tayari majini, ndani ya mashua ya injini: Profesa Hyeon, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, na wenzake wawili wakijaza chupa zao. Ukingoni tulikuwa tumejipanga sote, meya mbele, bendi ya shule nyuma. Mabango yakavimba matumbo. Tawi la mcheri likalia, likakatika, na lile bango kubwa likaondoka juu ya vichwa vyetu, likatua mtoni taratibu, likaifuata mashua. Mengine yakalifuata. Injini ikakohoa, ikazima. Mashua ikageuka ubavu katikati ya mto, pangaboi lake limezongwa na fahari ya Gangpo, na bendi ikaacha kupiga bila kuambiwa.

Bwana Do alimkamata Chang-gil mkono. "Usiseme kitu. Tutasema limetoka Haseong."

"Haseong iko chini, mheshimiwa. Tangu lini maji yakapanda?"

Bwana Do akamwachia.

Chang-gil aliingia mtoni na suti yake ya harusini, mkasi mkononi. Maji ya mwezi wa nne yanauma. Yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akaendelea mpaka akalishika pangaboi na kuanza kukata, kipande baada ya kipande. Profesa Hyeon aliinama juu ya ukingo wa mashua, ameshika kipande kilichosalia na neno moja tu: FAHARI.

"Hili la nani?"

Mji mzima ulikuwa ukimtazama. Chang-gil alimfikiria Boram katika kile chumba chake, na moyo ukamuuma kweli. Lakini huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hajakubali kazi yake iitwe ya mwingine, na hakujua namna ya kuanza siku hiyo.

"Langu," akasema. "Nimelichapa mimi, nimelitundika mimi, na sikulitoboa matundu. Ndiyo maana liko hapa."

"Rangi yake inayeyuka majini?"

"Haiyeyuki! Wala kitambaa chake hakiozi!" Aliyasema kwa sauti ileile ya dukani, na akayasikia maneno yake mwenyewe. Miaka yote hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya bidhaa zake. Sasa, maji yakiwa kifuani, aliyaona mabango mengine yakipinda kona ya mto kuelekea Haseong, hayayeyuki, hayaozi. Aibu ikamshika. "Hakiozi," alirudia, polepole.

Kisha akageukia ukingoni na kupiga kelele, "Mnangoja nini nyie? Dada Mal-ja, leta fito zako!"

Mal-ja akaja mbio na fito zake za kuvulia kambare, zenye ndoano. Watoto wakatupa ngoma chini. Meya mwenyewe alivua viatu akashika kamba. Mashua ilipofunguka, Profesa Hyeon hakurudi ukingoni kuhutubiwa. Alimwambia nahodha ayafuate mabango, na buti zake zikajaa maji kama za wengine. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumeyatoa yote, tukala supu ya Mal-ja tukiwa tumelowa, wageni na wenyeji, na ilikuwa supu tamu kuliko siku zote. Hotuba ya meya haikusomwa. Hakuna aliyeiulizia.

Chang-gil alirudi nyumbani akipiga chafya, imani yake imesharudi. "Wametuona tulivyo, Mama Boram. Wale watatupa kituo." Sun-ok alimpa chai ya tangawizi.

Wakaipa Haseong.

Sababu ilitolewa vizuri: kila ulichobeba mto hufika Haseong, basi ni heri anayechunguza maji akae yanakofika. Lakini mjini kila mtu alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa na jina la Chang-gil. Kwa Mal-ja hakuna aliyemtania tena. Alipoingia walimpisha kiti, wakamuuliza hali ya afya, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Akaacha kwenda. Akawa anakaa dukani mashine ikiwa imezimwa. Mtu alikuja kuagiza bango la mama yake kutimiza miaka sabini, akamwelekeza kwa mchapaji mwingine.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, Sun-ok aliingia dukani na simu mkononi. "Boram."

"Baba, nimepata."

"Umepata nini?"

"Kazi ya kudumu. Kituo cha maji. Majengo bado, ila wameanza na ofisi ya kupanga, na wameniajiri."

"Kituo kipi?"

"Kwani viko vingapi, Baba? Cha Haseong."

Sauti ya Chang-gil ikapanda. "Haseong? Mtoto wangu mimi, akale wali wa Haseong?"

"Nitakula kwao mchana tu. Usiku nitakula kwako. Ni nusu saa kwa basi, Baba."

Alitaka kusema zaidi, lakini Sun-ok alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba Boram. Wewe ulikuwa unataka kituo, au ulikuwa unamtaka mtoto?"

Chang-gil akageukia ukuta. Miezi yote ile alikuwa na ramani ya mto ukutani, na hakuwahi hata mara moja kuitazama chini ya Gangpo, ilipo Haseong. Akalia papo hapo, waziwazi, simu ikiwa sikioni, na Boram upande wa pili akiuliza, "Baba? Baba, upo?"

"Nipo," akasema. "Basi la jioni huwa linajaa. Uwahi kiti."

Hakuwasha mashine. Alishusha brashi zake za ujanani kutoka juu ya kabati, akanunua pamba tupu, kitambaa ambacho kikianguka majini kitaoza kama jani, akaandika kwa mkono: HONGERA PYO BORAM, BINTI WA PYO CHANG-GIL NA MA SUN-OK, MTAFITI WA MAJI, HASEONG. Neno la mwisho aliliandika dogo hivi kwamba Sun-ok alimrudisha akaandike upya. Kisha akachukua mkasi. Tundu la kwanza alitaka kulipitisha palepale penye Haseong, Sun-ok akamkazia macho, naye akalisogeza.

Walilitundika darajani asubuhi Boram alipopanda basi kwenda kuanza kazi, basi lilipokwisha kupita, ili lisimwaibishe mapema. Chang-gil akaweka kigoda chini yake na kukaa kutwa nzima, mwisho wa kamba ameuzungusha kiganjani. Mchana Mal-ja alimletea bakuli la supu.

"Mdogo wangu, na hili lina mkosi?"

Chang-gil aliposikia hivyo nusura ambusu. "Keti hapa, dada, ujionee."

Alasiri upepo ukashuka kutoka milimani. Pamba ikavimba, ikapumua kupitia matundu yake, ikatulia.

Jioni basi la Haseong likasimama. Boram akashuka na mkoba begani, akamwona mama yake aliyekuja kumpokea, akainua macho, akaliona jina lake limekatiza barabara. Akaufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Baba! Watu wote wanaliona! Literemshe!"

"Nateremsha, nateremsha. Ngazi ninayo, nilikuwa nangoja mtu wa kushika upande wa pili."

Boram, uso umemwiva, akashika upande wa pili. Chang-gil akaweka mguu kwenye ngazi.

"Ngojeni," akasema Sun-ok. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, ameinua kichwa, midomo inamtembea. "Sijamaliza kusoma."

Wakangoja.